Rahner au Balthasar: jumuiya ianze na yupi?

Swali lilitoka kwa mama mmoja wa Bunia, mashariki mwa Kongo, Jumapili baada ya Misa ya pili. Tulikuwa tumekaa kwenye darasa la chekechea nyuma ya kanisa, magoti yakikaribia kidevu kwa ufupi wa viti, tukisoma Injili ya siku. Wafu hakuna aliyekuwa amewataja. Akasema: "Katekista, bibi yangu alikuwa mkunga. Amezalisha kijiji kizima na hakuwahi kumdai mtu hata kuku. Amekufa bila maji ya ubatizo, kwa sababu padre alikuwa bado hajafika kwetu. Mimi nikimwombea, ninamwombea akiwa wapi?"

Mimi si padre. Nafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa Kiswahili hapa Kampala: watu wa Ituri na Kivu, Wakenya wachache, Watanzania wa biashara, na Waganda wanaopenda kutusikiliza tukibishana. Nilimjibu nilichokuwa nacho, kwamba Mungu ni mwenye huruma, nikaona usoni mwake kwamba jibu halikushika. Wiki hiyo nikawauliza mapadre wawili. Wa kwanza akaniambia, "Msome Karl Rahner." Wa pili akacheka: "Rahner atakulainishia mambo. Msome Hans Urs von Balthasar."

Imepita miaka miwili. Nimewasoma wote wawili, wanataalimungu wakubwa wa Kikatoliki wa karne iliyopita, ingawa si kila kitu, maana walichoandika kinajaza kabati. Namwandikia katekista mwenzangu, au kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, ambaye mwaka huu ana nafasi ya mwandishi mmoja tu na hajui aanze na nani.

Walikotoka

Rahner alizaliwa Freiburg, Ujerumani, tarehe 5 Machi 1904. Balthasar alizaliwa Lucerne, Uswisi, tarehe 12 Agosti 1905. Wote wawili waliingia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, Rahner mwaka 1922 na Balthasar 1929. Rahner alikufa akiwa Mjesuiti, tarehe 30 Machi 1984. Balthasar alitoka shirikani mwaka 1950 kwa ajili ya jumuiya aliyoianzisha pamoja na Adrienne von Speyr, daktari wa Basel aliyekuwa Mprotestanti na ambaye Balthasar mwenyewe alimwongoza kuingia Kanisa Katoliki mwaka 1940. Kutoka huko kulimgharimu. Alibaki padre asiye na jimbo mpaka 1956, jimbo la Chur lilipompokea.

Watu husahau kwamba hawa walianza kama marafiki. Mwaka 1939 walikaa pamoja wakachora mpango wa kuandika upya taalimungu nzima ya Kanisa. Kazi yenyewe haikufanyika. Rahner aliuchapa mpango huo baadaye, na ukiusoma huwezi kusema kwa urahisi sentensi ipi ni ya nani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulipoanza 1962, Rahner alikuwa mshauri wa Kardinali König wa Vienna. Balthasar hakualikwa. Baada ya Mtaguso njia ziliachana: Rahner alikuwa miongoni mwa walioanzisha jarida la Concilium mwaka 1965, na Balthasar, pamoja na Henri de Lubac na Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto XVI, walianzisha Communio mwaka 1972. Ukisikia mapadre wa leo wakitaniana kwamba fulani ni "wa upande ule", mara nyingi chanzo ni hapo.

Balthasar mwenyewe aliwahi kueleza tofauti yao kwa ufupi: Rahner alimchagua mwanafalsafa Kant, au Fichte ukipenda, na yeye akamchagua mshairi Goethe. Kwetu sisi ambao hatukulelewa na Kant wala Goethe, nasema hivi. Rahner ni mchimba kisima. Anaanza na wewe, na swali lako, na hofu yako ya usiku, anachimba hapo hapo ulipokaa mpaka maji yatoke. Balthasar hataki kukukuta umekaa. Anakushika mkono na kukutoa nje: tazama kwanza, maswali baadaye.

Bibi wa Bunia

Kwa swali la mama yule, Rahner ndiye aliyelifanyia kazi maisha yake yote. Hoja yake ina miguu mitatu. Mungu anataka watu wote waokoke, kama yasemavyo 1 Timotheo 2:4. Hakuna wokovu nje ya Kristo. Na sehemu kubwa ya wanadamu tangu dunia iwepo hawakuwahi kulisikia jina la Kristo. Ukiishika yote mitatu bila kuuachia hata mmoja, unalazimika kusema kwamba neema ya Kristo inawafikia watu hao kwa njia nyingine, kutoka ndani. Mtu anayempenda mwenzake bila kutaraji malipo, anayeifuata dhamiri hata ikimtia hasara, anayekipokea kifo chake bila kukata tamaa, tayari anamjibu Mungu, hata kama hana jina la kumwitia. Mtu huyo Rahner alimwita Mkristo bila jina.

Hapa wengi humkosea. Rahner hasemi kwamba wema wa bibi ulimtosha. Anasema wema huo wenyewe ulikuwa neema, na neema hiyo ina mwenyewe. Kila mara mkunga yule alipogongewa mlango saa nane za usiku akajifunga khanga akatoka, kuna Aliyekuwa akimwita kabla ya yule mgongaji. Nilimweleza mama hivyo. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Na yeye angekubali kuitwa hivyo?"

Ndilo swali gumu kuliko yote aliyoulizwa Rahner. Mwanafalsafa Mjapani, Keiji Nishitani, aliwahi kumuuliza: ungesemaje kama mimi ningekuita Mbudha wa Zen bila jina? Rahner akajibu kwamba kwa upande wa Nishitani hilo ni halali, tena yeye angeona ni heshima. Jibu la kiungwana, ila mimi halinitulizi kabisa. Jirani yangu ni Hajji mwenye duka la vipuri. Siku nilipomweleza kwa upole kwamba kuna padre mmoja wa Ulaya aliyefundisha kuwa mtu kama yeye ni Mkristo bila kujijua, alinitazama kwa muda, akapima nati niliyomletea, akasema: "Na wewe, katekista, umesilimu zamani, hujaambiwa tu." Tulicheka wote wawili. Lakini alikuwa amenijibu.

Mtaguso wenyewe haukutumia maneno ya Rahner. Hati juu ya Kanisa, Lumen Gentium, iliyotangazwa tarehe 21 Novemba 1964, inasema katika namba 16 kwamba wale wasioijua Injili bila kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri zao, wanaweza kuupata wokovu. Kama unahitaji jibu tu la kumpa mtu mlangoni mwa kanisa, namba hiyo moja inatosha na huna haja ya kumbeba Rahner mzima.

Namugongo

Sasa upande wa pili. Mwaka 1966 Balthasar alitoa kitabu chembamba na kikali, Cordula oder der Ernstfall. Cordula ni binti wa katika hadithi ya zamani ya Mtakatifu Ursula na wenzake waliouawa Cologne. Usiku wa mauaji alijificha melini kwa woga, na asubuhi akatoka mwenyewe akafa kama wenzake. Balthasar anaushika wakati huo wa asubuhi, saa ya kutoka melini, na kuuliza: je, imani yako ina saa kama hiyo? Kristo amekufa kwa ajili yangu kwanza. Jibu linalolingana na hilo haliwezi kuwa chini ya uhai wangu, hata kama sitadaiwa kuutoa. Kama kila mtu mwema tayari ni Mkristo bila jina, basi shahidi alikufa kwa ajili ya nini? Ndani ya kitabu kuna mazungumzo ya dhihaka, ambapo mpelelezi wa serikali isiyomjua Mungu anamhoji Mkristo wa kisasa, na kila jibu linavyozidi kulainika mpelelezi anaona hana hata haja ya kumtesa: hawa wamejifuta wenyewe.

Nilikisoma mwezi wa Mei, na tarehe 3 Juni nikaenda nacho ndani ya mfuko mpaka Namugongo, walipochomwa Mashahidi wa Uganda. Kitabu kile kikisomwa Ulaya ni ugomvi wa maprofesa. Pale ni kitu kingine. Karibu yangu alikaa mama aliyetembea kwa siku nyingi kutoka upande wa mpakani, ameivua miguu kutoka kwenye malapa na kuiweka juu ya kanga, nyayo zimepasuka kama tope la kiangazi. Pembeni yake jerikeni ya lita tano ya maji aliyochota ziwani pale madhabahuni, kifuniko amekifunga kwa kipande cha nailoni yasimwagike njiani. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza mama yule kwamba imani ina saa yake. Vijana wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliochomwa pale mwaka 1886 walijua neno moja la kusema ili warudi nyumbani, na hawakulisema. Kiswahili chetu, kwa bahati, hakikutenganisha mambo haya. Anayekufa kwa ajili ya imani tunamwita shahidi, na anayesimama mahakamani kusema alichokiona tunamwita shahidi. Balthasar aliandika kitabu kizima kuwaonyesha Wajerumani kile ambacho neno letu linacho tayari.

Kwa siku hiyo nilikuwa wa Balthasar moja kwa moja. Kisha nikakumbuka jina moja kati ya majina ishirini na mawili ya mashahidi wale: Mukasa Kiriwawanvu.

Tunawafundisha wakatekumeni kwamba Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake kule Munyonyo usiku wa kabla ya kuhukumiwa, Kizito akiwemo. Kiriwawanvu hakuwamo. Alikufa mkatekumeni, bila tone la maji, na Kanisa linamheshimu sawa na wale wengine. Ndio ule uitwao ubatizo wa damu. Papa Paulo VI aliwatangaza wote watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na katika mahubiri siku ile akawataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, ndani ya basilika ile ile, maaskofu wakaipitisha Lumen Gentium yenye ile namba 16. Nawaza wale maaskofu waliokuwepo siku zote mbili. Mashahidi wetu wamekaa katikati ya ugomvi huu. Balthasar anaweza kuwaonyesha kwa kidole kwamba saa ya Cordula ipo. Rahner anaweza kumwonyesha Kiriwawanvu, kwamba Mungu hafungwi na maji.

Tena si haki kusema kwamba Rahner hakuwa na nafasi ya shahidi. Kitabu chake kuhusu kifo, cha 1958, kinamalizia na sura nzima juu ya ushahidi, na mwaka mmoja kabla hajafa aliandika kutaka wanaouawa wakipigania haki nao wahesabiwe mashahidi, akiwa na watu kama Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador akilini. Balthasar aliijua kalamu ya rafiki yake kuliko mtu yeyote. Nadhani hasira ilimshinda kidogo.

Wanapozungumza na mtu aliyeumia

Kwa jumuiya yetu hapa ndipo penye uzito, maana robo tatu ya waliomo walikimbia kitu.

Rahner mwaka 1946, wakati wa Kwaresima, alihubiri kuhusu sala katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli, Munich, mji ukiwa magofu. Alianza na picha ambayo kila aliyemsikiliza aliijua: watu waliofukiwa kwenye mahandaki ya chini ya nyumba wakati wa mabomu, giza, kifusi, mlango umezibwa. Akasema kuna mioyo iliyofukiwa hivyo, mtu anatembea mjini, anafanya kazi, na ndani amezibwa. Sala inaanzia hapo, siku mtu anapoacha kujidanganya kwamba hajafukiwa. Nilipoisoma sehemu hiyo kwa sauti, nikiitafsiri nikienda, kijana mmoja wa Kivu aliyekuwa hajawahi kusema neno tangu ajiunge alinikatiza: "Rudia hapo pa mlango." Nilirudia mara tatu.

Balthasar anapajibu mahali hapo kwa Jumamosi Kuu. Sisi siku hiyo tunaipita haraka. Ijumaa tumelia, Jumamosi tunapamba kanisa na kupika. Yeye anasimama hapo. "Akashukia kuzimu," tunasema kwenye Kanuni ya Imani bila kupumua. Kwake maana yake ni kwamba Mwana wa Mungu alikufa kweli, amelala na wafu, hana nguvu kama wao, ameachwa kama wao, kwa hiyo hakuna shimo ambalo mtu ataangukia asikute kwamba Kristo amefika chini zaidi. Kitabu chake cha 1969 juu ya siku tatu za Pasaka ndicho chenye hoja hiyo. Si chepesi, lakini kurasa za Jumamosi zina nguvu ambayo sijaikuta kwa mwingine.

Rahner hakupenda. Katika mahojiano fulani alisema, kwa ufupi, kwamba akiwa yeye amezama kwenye tope haimsaidii kuambiwa kwamba Mungu naye amezama. Nilipeleka ugomvi huo darasani nikauacha mezani. Waligawanyika, na hawakugawanyika kwa elimu. Waliopoteza watoto walikaa na Balthasar. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori alikaa na Rahner: "Lori likizama, simtaki mtu wa kuzama na mimi. Namtaka mwenye kamba." Mama wa Bunia akamjibu kwamba mwenye kamba asiyeshuka shimoni hajui pa kuifunga. Tulifunga darasa saa moja baada ya muda.

Kuhusu moto wa milele, padre wangu wa pili alikosea. Alinipa picha kwamba Rahner ni mlaini na Balthasar ni mgumu. Kumbe mwaka 1986 Balthasar aliandika kijitabu akisema kwamba Mkristo ana ruhusa, tena wajibu, wa kutumaini wokovu wa watu wote, na akashambuliwa vikali na Wakatoliki waliomdhania ni wa kwao. Alishikilia kwamba kutumaini si kujua. Kwa hiyo mama wa Bunia angemwendea yeyote kati yao, angerudi na tumaini. Tofauti ni kwamba Rahner angemwambia jinsi neema ilivyomfikia bibi, na Balthasar angemwambia nani alishuka kumtafuta. Novemba hiyo mama alileta bahasha ya majina ya marehemu. La bibi lilikuwa la kwanza, na mbele yake ameandika kazi: mkunga.

Kuwasoma kwa Kiswahili

Vitabu tulivyo navyo ni vya Kifaransa na Kiingereza. Kwenye kundi letu Wakongo wenye Kifaransa walitutangulia mbali sana, jambo ambalo Wakenya wetu hawakulipenda. Mtu mmoja anasoma kurasa mbili nyumbani, anakuja kutusimulia kwa Kiswahili, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu maneno hayakubali kuhama bila kubadilika.

Rahner anamwita Mungu Fumbo Takatifu, ukurasa baada ya ukurasa. Sisi tuna "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua." Yaani fumbo letu lina jibu, na aliyeelimika ndiye alijuaye. Rahner anasema kinyume: Fumbo hili, mwerevu akilikaribia ndivyo linavyozidi kuwa fumbo, na hata mbinguni halifumbuliwi, linabaki fumbo tunalofurahi ndani yake. Tulipoteza Jumapili mbili kwenye neno hilo. Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa rozari: "Na mafumbo ya furaha je? Nani kati yenu ameyang'amua?" Kumbe Kiswahili cha kanisani kilikuwa kimeshalitengeneza neno, sisi tulikuwa tumeliacha sokoni.

Kwa Balthasar ilikuwa rahisi kwa namna ya kushangaza. Kazi yake kubwa, ile ya sehemu tatu iliyochapwa kati ya 1961 na 1987, inaanza na uzuri, kisha wema, kisha ukweli. Analalamika kwamba wanataalimungu wa zama zetu wameutupa uzuri, na bila uzuri wema unakosa mvuto na ukweli unakauka. Mzungu inabidi aelezwe kwamba uzuri na wema vinakaa nyumba moja. Kwetu ukisema "yule ni mtu mzuri", msikilizaji inabidi akuulize: wa sura au wa tabia? Lugha haikuwatenganisha.

Ugumu wanao wote. Ndugu yake Rahner, Hugo, naye padre Mjesuiti na msomi, husimuliwa kwamba alitania kuwa akistaafu atamtafsiri Karl kwa Kijerumani, ilhali Karl aliandika kwa Kijerumani. Sentensi zake ni treni ya mizigo. Usianze na Grundkurs des Glaubens cha 1976, hata ukiambiwa kwamba ndio muhtasari. Ni muhtasari wa mtu anayejua tayari. Anza na kitabu cha sala cha 1938, Worte ins Schweigen, ambamo anazungumza na Mungu moja kwa moja kama mtu aliyechoka jioni, au zile hotuba za Munich za 1946. Balthasar haandiki treni, anaandika msitu. Digrii yake ya udaktari ilikuwa ya fasihi ya Kijerumani, si taalimungu, na anadhani nawe umemsoma Dante na Calderón kabla ya chai. Kwake anza na Glaubhaft ist nur Liebe cha 1963, kijitabu chembamba kinachosema kwamba upendo peke yake ndio unaoaminika. Kisha Cordula. Kisha, kama mna mtu wa kuwaongoza, kile cha siku tatu za Pasaka.

Na Afrika?

Mwaka 1979, huko Cambridge ya Massachusetts, Rahner alitoa hotuba ambayo kila katekista wa Afrika angeifurahia. Aligawa historia ya Kanisa mara tatu: kipindi kifupi cha Wayahudi, kipindi kirefu cha utamaduni wa Wagiriki na Ulaya, na kipindi kilichoanza na Mtaguso wa Pili, cha Kanisa la dunia nzima. Kwake badiliko hili ni kubwa kama lile Paulo alipowafungulia mlango wasiotahiriwa. Alisema mpaka hapo Kanisa lilikuwa kama kampuni inayosafirisha dini ya Ulaya nje, kama bidhaa. Papa Paulo VI alikuwa ametuambia jambo la jamaa hiyo hapa hapa Kampala, mwaka 1969, kwamba tunaweza na tunapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika, lakini kulisikia kutoka kwa profesa wa Kijerumani aliyekiri kwamba mlango ulifungwa kutoka upande wao kuna ladha yake. Inasimuliwa pia kwamba kwenye sherehe za miaka 80, wiki chache kabla hajafa, aliwaomba wasomi waliokuja kumheshimu wachangie pikipiki ya mmisionari mmoja wa Afrika. Bodaboda wa kundi letu amelikariri hilo.

Kwa Balthasar sijaikuta Afrika katika nilichosoma. Ulaya yake ni nzuri kupita kiasi, na ni Ulaya. Urithi wake umepitia kwa Yohane Paulo wa Pili, aliyemteua kardinali. Balthasar akafa tarehe 26 Juni 1988, siku mbili kabla ya kuvikwa kofia ya ukardinali. Urithi huo umepitia pia kwa Ratzinger, aliyehubiri kwenye mazishi yake.

Basi hapa lazima nimtaje wa tatu, ambaye mapadre wangu wote wawili walimruka. John Mary Waliggo, padre wa jimbo la Masaka, alizaliwa 1942 na kufa 2008. Mwanahistoria aliyesoma Cambridge ya Uingereza, akaandika jinsi Kanisa la Buddu, eneo la Masaka, lilivyokua kuanzia 1879, mwaka mmisionari Mapeera, yaani padre Lourdel, alipofika Buganda. Alikuwa katibu wa tume iliyoandaa Katiba ya Uganda ya 1995, kisha akakaa kwenye Tume ya Haki za Binadamu. Mwaka 1990 alichapisha insha akisema mfano wa kweli wa Kanisa la Afrika ni ukoo. Sikuhitaji tafsiri. Ndani ya ukoo mtu haulizwi kama alistahili kuzaliwa humo, na aliyekufa hafutwi kwenye hesabu. Kwa mama wa Bunia, ukurasa mmoja wa hoja hiyo ulifanya kazi ya kurasa hamsini za Rahner.

Ningechagua hivi

Kama jumuiya yako inasumbuliwa na wafu wasiobatizwa, ndoa za mchanganyiko, jirani Mwislamu, mtoto aliyeacha kusali lakini ana moyo wa dhahabu, anza na Rahner, na uanze na Rahner wa sala. Kama tatizo lenu ni ulegevu, watu wanaobatiza watoto kwa sababu ya karamu na kuziacha sakramenti zikawa vyeti vya shule, Rahner atawapa usingizi. Mpeni Cordula, na someni kabla ya tarehe 3 Juni, si baada. Kwa watu wa vita, anza na Jumamosi Kuu hata kama ni ngumu, kwa vipande vidogo. Mseminari ambaye ana mtihani asinisikilize mimi.

Kwetu tumeamua Kwaresima ijayo iwe ya zile hotuba za Munich, kutoka Pasaka mpaka Namugongo iwe ya Balthasar, na Waliggo baada ya hapo. Mzee wetu mmoja wa Buddu amekwisha kusema kwamba yeye hasubiri Juni, ukoo wake unaanza Jumapili hii, na ameshaitafuta insha yenyewe.